Kona ya Sita

"Rudisha kidogo," nilimwambia Amin. "Umepita kona."

Amin alishika ubao uliobeba ramani kwa ncha za vidole, akauvuta polepole chini ya kigoda. Kamera yake ya harusi ilikuwa imelazwa juu ya kigoda hicho, jicho lake likitazama chini kupitia tundu ambalo seremala wa Kalamba alilitoboa kwa patasi. Waya ulitoka kwenye kamera ukaingia kwenye televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe, na vyombo vyote viwili vilitegemea betri ya gari iliyokuwa sakafuni. Mimi nilikuwa nimeketi pua ikikaribia kugusa kioo. Mstari wa mpaka, ambao kwenye karatasi ni mwembamba kama uzi wa cherehani, kwenye kioo ulikuwa mnene kama kamba ya mkonge.

"Hapo. Simamisha."

Hiyo ilikuwa kona ya tano. Shamba langu lina kona kumi na moja.

Ilikuwa siku ya hamsini na tisa. Ofisi ya mashamba iliweka rejista na ramani wazi kwa siku sitini, kila mtu aje aangalie kama kipande chake kimechorwa sawa. Mwenye neno aandike pingamizi. Siku sitini zikiisha, kilichochorwa ndicho shamba.

"Na pingamizi ni karatasi moja kwa kila kipande," Mutiso, karani wa ofisi, alikuwa ametuonya asubuhi. "Weka yote humo, mama. Usirudi siku nyingine kusema umesahau."

Macho yangu yalianza kuharibika mwaka wa themanini na saba, nikiwa fundi wa nguo sokoni. Katikati ya kila ninachokitazama kuna doa la ukungu; pembeni naona. Mtu akisimama mbele yangu namjua kwa mabega na viatu. Daktari aliniambia miwani haitasaidia, na watu wakachukua hayo kumaanisha kwamba mimi sitasaidika. Wakaanza kunisomea. Barua za Mutindi, binti yangu, nilisomewa na shemeji yangu Nzioka. Alisoma vizuri, simlaumu. Lakini niligundua kwamba anayekusomea ndiye anayechagua aanzie wapi na aishie wapi.

Rejista hii pia nilisomewa. Nzioka aliisoma, kisha Mutindi alipokuja Pasaka akaisoma. Wote walisema jina ni langu, Kalunde, mjane wa Kisilu, na namba ni ile iliyo kwenye kibao kilichosimikwa shambani. Ni kweli, hakuna aliyenidanganya. Ila nilipowauliza mpaka umepita wapi, kila mmoja alisema, "Umepita sawa."

Sawa na nini?

Basi nilifanya kazi ninayoijua. Mutindi alishika ncha moja ya kamba yenye mafundo, mimi nikashika nyingine, tukapima mpaka wote kwa siku mbili, kona kwa kona, kufuata mkonge nilioupanda mwenyewe na mume wangu. Kisha nikakata umbo la shamba kwenye karatasi ya kaki, kama unavyokata kielelezo cha gauni kabla ya kugusa kitambaa. Fundo moja, upana wa kidole. Karatasi hiyo ilikuwa magotini mwangu sasa, na kwenye kona ya kwanza hadi ya tano nilikuwa nimechomeka pini.

Kamera niliikuta Kitui, kwa mama mmoja anayeitwa Esha, ambaye nilimshonea binti yake nguo za harusi kwa kupapasa. Baada ya sherehe walitualika kutazama kanda. Nilikaa karibu sana na televisheni, watoto wakalalamika kwamba nimewaziba. Kamera ikasogelea pindo la gauni. Nikaona mshono wangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, na ulikuwa umepinda. Sijawahi kufurahia kosa langu namna ile. Nikamwuliza Amin, mpiga picha, kama chombo chake kinaweza kutazama karatasi.

"Kinatazama chochote, shangazi," alisema. "Mradi kisikimbie."

Sasa tulikuwa hapa, na dirisha la ofisi lilikuwa limejaa vichwa.

"Sinema inaanza saa ngapi?" mmoja aliuliza.

"Imeshaanza. Huyo nyota ni Mama Mutindi."

"Ya vita ama ya mapenzi?"

"Ya mashamba," nilisema bila kugeuka. "Kwa hivyo ni ya vita. Na mnanizibia mwanga."

Walicheka, lakini walisogea. Nzioka hakusogea. Niliona kofia yake mlangoni, kisha akaingia.

"Kalunde, mke wa ndugu yangu," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Unatuaibisha. Nilikusomea. Mtoto wako akakusomea. Sasa unaleta televisheni ofisini, watu waseme ukoo wetu hauna wa kumsomea mjane?"

"Waambie nilisomewa. Sasa najisomea."

"Na huyu kijana wa Kitui anajua nini juu ya mashamba yetu?"

"Sijui kitu, mzee," Amin alisema kwa adabu. "Mimi nasukuma ubao tu."

"Mutiso," Nzioka alimgeukia karani, "hii inaruhusiwa?"

Mutiso alikuna shingo. "Sheria inasema mtu aje aangalie. Haisemi aangalie na nini."

Nilimwambia Amin aende mbele. Kutoka kona ya tano, kielelezo changu kinageuka kulia. Shamba linatoa ulimi mwembamba unaoteremka mpaka ukingo wa mto, na kwenye ncha ya ulimi huo kuna kisima tunachochimba mchangani kila kiangazi. Hiyo ndiyo kona ya sita. Kutoka hapo mpaka unarudi juu hadi kona ya saba. Ng'ambo ya mpaka huo ni kwa Nzioka.

Ubao ulisogea. Mstari haukugeuka. Ulikwenda mbele, umenyooka, mweusi, mpaka ukakutana na mwingine.

"Hiyo ni kona ya saba," nilisema. "Tumeruka moja."

"Hatujaruka, shangazi. Mstari ndio huu."

Nilipapasa kielelezo. Nilihesabu pini. Inawezekana nilikosea kupima. Inawezekana Mutindi aliruka fundo. Nilifikiria hayo yote kwanza, kwa sababu kama ni kosa langu nilitaka kulijua mimi kabla ya mtu mwingine.

"Rudi ya tano," nilisema. "Sasa usifuate mstari. Nenda kulia, pale pasipo na kitu."

"Pasipo na kitu?" Nzioka alicheka. "Sasa anasoma karatasi tupu!"

Vichwa vya dirishani vilicheka naye. Amin alisukuma ubao polepole sana. Kioo kilikuwa cheupe, kisha kikaacha kuwa cheupe. Karatasi ilikuwa na manyoya, kama kitambaa mahali ulipofumua mshono. Mimi nimefumua mishono maelfu. Hata ukichomoa uzi wote, kitambaa kinakumbuka sindano. Na katikati ya manyoya hayo palikuwa na kivuli cha wino, hafifu, kikiteremka kulia, kikigeuka, kikirudi juu.

"Mutiso," nilisema, "njoo uangalie."

Mutiso aliinama kando yangu. Kisha akaitoa ramani chini ya kigoda, akaitazama kwa macho yake, akaiinua kwenye mwanga. "Hapa sioni kitu," alisema. Akairudisha, akatazama kioo tena.

"Imekwaruzwa kwa wembe," alisema hatimaye. "Hilo si geni, mama. Mpimaji akikosea, mstari unakwaruzwa, unachorwa upya. Lakini anayesahihisha huweka herufi za jina lake kando."

"Zitafute."

Alishika ubao yeye mwenyewe. Tulizunguka mahali pale juu, chini, kushoto, kulia. Hapakuwa na herufi. Tukaenda kipande cha mtu mwingine, mahali mstari ulipokuwa umesahihishwa, na herufi zilikuwepo, nadhifu, na tarehe. Tukarudi kwangu. Hakuna.

"Unasema mimi ni mwizi?" Nzioka aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Sijasema jina la mtu. Nimesema wino umekwaruzwa na hakuna herufi."

"Mimi wembe wangu ni wa ndevu!"

"Basi hakuna anayekutafuta, shemeji. Kaa chini."

Hakukaa. Aliondoka, na dirisha likapungua kichwa kimoja kimoja.

Picha kwenye kioo ilianza kujikunja pembeni. Amin aligusa waya, akatikisa kichwa. Betri ilikuwa imechoka. Mutiso alitazama saa yake, akachukua fomu kutoka kwenye droo ya meza, akaiweka mbele yangu.

"Mama, ni saa kumi. Andika pingamizi sasa. Kona ya sita inatosha. Kesho ni siku ya mwisho, na kama hiyo mashine yako itakataa kuwaka, utakosa yote."

Alikuwa akinitakia mema, nilimsikia. Amin naye alisema, "Shangazi, anasema kweli."

Nilitazama kielelezo. Kona ya saba, ya nane, ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Ikiwa pamekwaruzwa mahali pamoja, huenda pamekwaruzwa na pengine, na karatasi ya pingamizi ni moja.

"Nikiandika sasa," nilisema, "kona tano nitakuwa nimezikubali bila kuziona. Hivyo ndivyo nilivyosomewa siku hamsini na nane. Kesho unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili nitakuwa hapo mlangoni. Na hiyo ramani, Mutiso, italala wapi?"

Alielewa swali. Aliikunja polepole, akaitia kwenye kabati la chuma, akafunga mbele yangu, akauongoza mkono wangu niguse kufuli. Kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba mwenye kipande amekagua hadi kona ya sita na ukaguzi unaendelea. Akanisomea. Nikamwambia kesho, kabla ya yote, ataliweka daftari hilo chini ya kigoda.

"Hata mimi huniamini?" aliuliza, na nadhani alikuwa akitabasamu.

"Nakuamini. Lakini nitasoma."

Tulibeba betri kwa toroli hadi kwenye kinu cha posho, ambako hutiwa umeme injini ikisaga. Ndolo, mwenye kinu, alikuwa mweupe kwa unga mpaka mabegani.

"Kuna nne mbele yako, Mama Mutindi. Hii itaingia kesho mchana."

"Kesho mchana itakuwa imechelewa."

"Wenzako pia wana haraka. Mmoja anataka kusikiliza mpira."

"Mwite huyo wa mpira," nilisema, nikaanza kukunja mikono ya blauzi. "Na wengine watatu pia. Nitaongea nao mmoja mmoja, wanipishe."