Skrubu Zote Saa Sita

Bi Mkasi hakuwahi kumnunia mtu hata siku moja tangu azaliwe, na jambo hilo alimwambia kila mteja aliyeingia kupimwa nguo. Ukimwacha mdogo wake, bila shaka, ambaye alikuwa amemnunia wiki ya pili sasa, na wifi yake mmoja aliyehama mji kabla hawajapatana.

Mdogo wake alikuwa fundi saa. Duka lake na la dada yake yalitenganishwa na ukuta wa mbao wenye mlango katikati. Mtaa mzima ulimwita Hakuna, kwa sababu ukimwambia Mungu akubariki, alikujibu, "Hakuna." Wala si kwa ukali. Alisema kama muuza duka anayekwambia sukari imekwisha.

Ugomvi ulianza siku Bi Mkasi alipoiwekea mikono cherehani yake na kuiombea, kabla ya kushona gauni la harusi. Bibi harusi mwenyewe ni binti wa Hakuna. Hakuna akachungulia mlangoni.

"Dada, kitu hicho kinataka oili, hakitaki dua."

"Toka hapa na midomo yako!"

"Sawa. Ikiharibika, mwite huyo wako wa juu aje na bisibisi."

"Nitamwita! Na wewe usithubutu kuigusa!"

"Niiguse?" Hakuna akawageukia wateja watatu na kinyozi wa jirani. "Sikilizeni nyote. Nikiigusa tena cherehani hii, mnikalishe safu ya mbele ibadani, nimefumba macho!"

Mlango ukabamizwa, saa za ukutani upande wa pili zikagonga zote kwa pamoja.

Jumanne, harusi ikiwa Jumamosi, cherehani ikagoma. Gurudumu linazunguka, sindano inashuka, lakini uzi wa chini haukamatwi. Bi Mkasi akabadilisha sindano, akasafisha bobini, akaibembeleza, akaitukana. Wapi! Fundi wa kutengeneza cherehani wa mtaa wa pili alikuwa amelazwa hospitali, na gauni lilikuwa na mkono mmoja.

Binti akaja, akaliangalia gauni.

"Shangazi, si umwite baba?"

"Nimeshamwita Baba, mwanangu. Usiku na mchana."

"Baba mwenye miguu, shangazi."

Bi Mkasi akajifanya anatafuta mkasi, na mkasi uko shingoni mwake.

Alhamisi mchana alikwenda ibadani, akaomba mpaka magoti yakamlalamikia. Aliporudi akakaa, akavuta pumzi, akakanyaga pedali kwa woga kama anayekanyaga mkia wa mbwa. Trrrrr! Mishono ikatoka imenyooka, haikuruka hata mmoja. Akapiga vigelegele mpaka kinyozi akaja mbio, kamwacha mteja na nusu ya ndevu.

"Mungu fundi!" kinyozi akasema.

"Mungu fundi!" wakaitikia majirani dirishani.

Ng'ambo ya mbao kitu kikaanguka chini kwa kishindo, na mtu akasonya.

Watu walipoondoka, Bi Mkasi aliinama kutia uzi, macho yakatua kwenye skrubu. Zilikuwa nne, na mstari wa kichwa cha kila moja umesimama wima kabisa, kama mishale ya saa inapofika saa sita kamili. Ni mtu mmoja tu aliyekaza skrubu hivyo. Tangu utotoni mdogo wake alikuwa akisema skrubu iliyolala inamkosesha usingizi.

Furaha ilimjaa mpaka akataka kwenda kumkumbatia. Lakini alitaka pia kushinda. Akashona mkono wa pili huku akiimba.

Ijumaa binti akalivaa gauni, likamkaa kama ngozi yake. Duka likajaa vicheko. Hakuna akasimama kwenye mlango wa katikati, hakuvuka kizingiti, macho yamemlowa.

"Vumbi la saa," akasema, akijifuta.

"Haya, mdogo wangu," akasema Bi Mkasi, "umekubali sasa? Imepona yenyewe."

"Chuma hakiponi chenyewe."

"Ulikuja wewe, basi?"

"Mimi? Sijakanyaga humo tangu siku ile. Wala bisibisi yangu haijakanyaga."

"Mimi si fundi wa mashine, na wewe hukuja. Tuambie basi ni nani."

Hakuna akaikodolea macho cherehani. Kinyozi akaanza kukohoa kwa raha.

"Labda... labda ilitikisika."

"Namshukuru hata hivyo," Bi Mkasi akasema, akiipangusa cherehani taratibu. "Ila, tusifichane, huyo aliyekuja ni fundi wa ovyo. Skrubu ya nyuma kaiacha inacheza kama jino la mtoto."

Skrubu haikuwa inacheza hata chembe. Uongo huo Bi Mkasi alikuwa ameuombea msamaha mapema, asubuhi ile ile, ili asije akasahau.

"Inacheza wapi?" Hakuna akaruka kizingiti. "Ile ya nyuma? Nimeikaza mwenyewe mara mbili, nikaisimamisha saa sita ka..."

Binti, pini zikiwa bado zimemning'inia kiunoni, akageuka polepole.

"Safu ya mbele, baba," akasema. "Na macho ufumbe."