Kilian Achagua Jeti

Kahawa ikipanda bei, vichwa vya wanaume navyo hupanda. Mwaka ule wanunuzi binafsi walipomiminika Mbinga, Kilian alinunua na kuuza kahawa mpaka akapata malori mawili, na sasa, Mungu wangu, alikuwa anachagua jeti! Wakala mmoja wa Dar es Salaam alimpa kitabu cha picha za ndege ndogo za matajiri, naye wiki nzima hakubanduka humo.

Mkewe Walburga alikuwa na jambo moja tu. Jumamosi, kwao Chiwanda, ukoo ungejengea kaburi la baba yake, Mzee Meshack. Kilian hakufika kumuuguza mzee, wala hakufika kumzika. Asipofika na safari hii, Walburga aliapa moyoni, angekwenda peke yake na asingerudi.

"Baba Beata, Jumamosi..."

"Ngoja kwanza, Mama Beata! Hii inakimbia kilometa mia tisa kwa saa. Lakini ikifika kilometa elfu tatu, lazima itue ijaze mafuta. Hii nyingine inajikongoja, mia saba tu, ila inakwenda elfu sita bila kugusa chini. Ungekuwa wewe ungechukua ipi?"

Walburga alitamani kukichana kile kitabu. Ila alimjua mumewe: ukimvuta anagoma, ukimfuata anakwenda mwenyewe. Akavuta kigoda, akaketi.

"Hiyo yenye mbio, kwa safari za humu nchini inatosha?"

"Inatosha na kusaza! Songea hadi Dar, chai yako haijapoa."

"Basi hiyo haikufai. Msiba ukitokea Kingerikiti ukachelewa, utasingizia nini?"

Kilian akakuna kidevu. "Hilo nalo neno. Basi nichukue hii ya masafa marefu."

"Hiyo ndiyo mbaya kabisa! Ile ya mbio angalau utasema mafuta yalikwisha, ukateremka kujaza, wenyeji wakakukaribisha ugali, ungekataaje? Hii haiishiwi. Wajomba wakikuita popote pale, huna pa kujificha."

Kilian alicheka mpaka akajipigapiga mapaja. "Wewe mwanamke! Kwa hiyo nisinunue?"

"Nunua, baba. Nataka nikuone umekosa kisingizio."

Kicheko kikakatika.

"Barabara ya Chiwanda ilikuwa mbovu kweli," alisema, macho sakafuni. "Na mvua zile..."

"Ndivyo alivyosema baba."

"Alisemaje?"

"Kila gari likinguruma aliuliza kama ni wewe. Kaka zangu walipoanza kukusema, aliwakemea pale pale kitandani. 'Mkwe wangu si mtu wa dharau,' akasema. 'Barabara ndiyo mbaya.' Amekufa anakutetea, Baba Beata."

Kilian akafunga kitabu. Pua ilimtiririka bila yeye kuifuta. Kisha akainuka, akatoka uani, na Walburga akamsikia akimwamuru dereva ashushe kahawa yote iliyokuwa kwenye lori, apakie saruji.