Oda ya Gari la Kwanza

Paskazia alikaa kwenye benchi dukani kwa Ng'washi, kati ya mashine ya fotokopi na rundo la madaftari ya shule, akamwambia aandike kwamba mteja asalimiwe kwanza. Mikono yake ilikuwa bado inanuka sato wa asubuhi. Ng'washi alikuwa ametoka kwenye semina jijini Mwanza, ambako wafanyabiashara wadogo walifundishwa kujitengenezea wakala wa akili mnemba, na alirudi na cheti, fulana, na hamu kubwa ya kumtengenezea mtu yeyote atakayekubali kukaa. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na visanduku vya rangi vilivyounganishwa kwa mistari. Ndani ya kila kisanduku uliandika maelekezo kwa Kiswahili kile kile cha kumtuma mtu sokoni. Ukimaliza kuviunganisha, wakala anaingia kwenye simu yako na kuwajibu wateja wa WhatsApp wewe ukiwa jikoni.

"Wakubwa awape shikamoo," Paskazia alisema. "Halafu aulize habari za safari. Chakula baadaye."

"Atajuaje kama ni mkubwa, mayu?" Ng'washi aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Asipojua aamkie tu. Shikamoo haijamuua mtu."

Ng'washi akaandika. Paskazia alikuwa ameuza sato na ugali kwenye foleni ya kivuko cha Busisi tangu ujana wake. Magari yaliyokuwa yakienda Mwanza yalisimama pale kusubiri zamu, na mtu anayesubiri hula. Kisha daraja likakamilika. Lilikuwa daraja la kujivunia, na Paskazia mwenyewe alilipigia vigelegele siku ya kwanza mpaka sauti ikamkauka. Ila gari lililo darajani halisimami, na dereva aliyepandisha vioo hasikii harufu ya samaki. Alitaka wakala apokee oda za madereva wakiwa bado Sengerema au Geita, ili yeye awakute barabarani na chakula kimefungwa.

"Weka na hili," alisema. "Kivuko kikishaondoka Kigongo, aniambie niweke samaki mafutani. Na chakula kipelekwe kwa kufuata foleni, gari la kwanza lianze."

Ng'washi akatoa mikono kwenye kibodi. "Mayu, kivuko hakipo tena. Na foleni haipo."

"Najua. Mimi ndivyo ninavyopika. Ukiniambia saa saba sijui samaki aingie lini. Ukiniambia kivuko kimeondoka ng'ambo, mkono unajua wenyewe."

Ng'washi aliona kubishana na mtu aliyekaanga samaki miaka yote hiyo ni kujichosha bure. Akaandika kivuko, akaandika foleni, kisha akaongeza sentensi ambayo mwalimu wa semina aliisisitiza sana: mteja yeyote asiachwe bila kujibiwa. Kompyuta ikaomba jina la wakala. Paskazia akamwita Obedi, kwa sababu marehemu Obedi ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa lao, na hakuwahi kuchelewa.

Obedi alianza kazi vizuri. Aliwaamkia madereva wa malori, akawauliza safari, akaandika nani anataka pilipili na nani daktari amemkataza. Wengine walidhani ni wakala wa kutoa pesa, wakamwomba awatolee. Aliwapa pole na kuwaelekeza kibanda cha jirani. Paskazia alimpenda kama unavyompenda mfanyakazi asiyenuna.

Jioni moja, jua likiwa limeinamia upande wa Geita, simu ikalia. "Shikamoo mama," Obedi aliandika. "Kuna oda kutoka kwenye foleni ya kivuko. Gari la kwanza ni pikapu nyeupe. Sato mmoja, ugali, mchuzi mwingi, ndimu pembeni. Kivuko kimeondoka Kigongo."

Paskazia akaweka samaki mafutani. Alipoiva akampanga kwenye sinia, akafunika, akateremka na barabara ya zamani hadi gatini, mahali ambapo nyasi zilikwisha kuota kwenye nyufa za zege.

Foleni ilikuwepo. Kulikuwa na Fuso la ndizi kutoka Kagera, lori la ng'ombe, basi ambalo abiria wake walikuwa wameshuka kunyoosha miguu, na mwanamume mwenye kitanda kwenye baiskeli. Wote walikuwa na sura ya watu waliosubiri muda mrefu na hawatarajii kuambiwa kitu. Mbele kabisa ilisimama pikapu nyeupe, mkwewe Yeremia akiwa kwenye usukani. Nyuma yake, juu ya godoro, alikaa Suzana, binti yake Paskazia, aliyefariki kwenye foleni hiyo akiwa na ujauzito wake wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Uchungu umeacha. Imebaki njaa tu."

Paskazia akamnawisha mikono. Akamchambulia samaki miiba, jambo ambalo hakuwa amemfanyia tangu alipokuwa mdogo, na Suzana akamwacha. Alikula ugali wote, akaramba mchuzi, akauliza kama kuna zaidi. Paskazia alipanda kilima kufuata kingine, na njiani akagundua kwamba anaimba.

Siku ile ya kifo haikuwa na siri yoyote. Suzana alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa ya jijini, mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Yeremia alimleta mbio kutoka Sengerema na foleni nzima ikampisha, hata wenye samaki wabichi waliokuwa wakiharibikiwa. Pikapu ikawa gari la kwanza. Kivuko kikafika, kikateremsha watu, na kabla Yeremia hajawasha gari ukaja msafara wa mheshimiwa mmoja. Magari ya vioo vyeusi yalipita pembeni ya foleni, yakaingia yote, na kivuko kikajaa. Kiliporudi, Suzana alikuwa amelazwa kwenye benchi la mama yake na mtu alikuwa amekwisha kumfumba macho. Watu wakubwa waliokuja msibani walisema kwa masikitiko kwamba mgonjwa alichelewa. Neno hilo likashika, na mpaka leo ukiuliza Busisi, Suzana alichelewa.

Sasa alikuwa anakuja kila jioni. Foleni ilijipanga jua likilegea na kuondoka giza lilipoingia. Katikati ya muda huo kivuko kilifika, na msafara ulifika nacho, ukapita pembeni, ukapanda. Waliobaki walirudi kwenye vivuli vya magari yao. Paskazia alipeleka sinia zake kwa kufuata foleni kama alivyoagiza mwenyewe, na wateja hawa walikuwa watu wastaarabu, hawakulalamikia chumvi.

Alipomweleza Ng'washi, Ng'washi alifungua kompyuta na kukagua visanduku kimoja kimoja.

"Hajakosea," alisema. "Ameambiwa foleni ya kivuko, ameipata. Ameambiwa asiache mteja."

"Sijaja kulalamika," Paskazia alisema. "Nimekuja kushukuru." Na alikuwa amemletea samaki mkubwa kuliko wote wa siku hiyo.

Yeremia ndiye aliyekuwa na utata kidogo. Yeye hakuwa amekufa; alikuwa ameoa tena, anaendesha gari la shule Sengerema na ana watoto wanne. Paskazia alimpigia simu kumuuliza anajisikiaje. Yeremia alisema ni mzima, ila jioni huwa anachoka sana na kukaa kwenye kiti bila kusema, na mkewe amezoea.

"Unakula vizuri lakini?" Paskazia aliuliza.

"Siku hizi nashiba, mama. Sijui ni nini."

Mambo yangeweza kukaa hivyo. Lakini jioni moja Suzana alimshika mama yake mkono, akauweka tumboni, juu ya kitenge.

"Bado anacheza," alisema.

Paskazia akasikia teke. Lilikuwa teke zima, la mtoto mwenye nguvu na asiyejua kinachomsubirisha. Akatazama juu, na daraja lilikuwa pale pale, limelala juu ya ziwa kutoka upande huu hadi ule, na hospitali iko ng'ambo, si mbali kwa mtu mwenye gari. Moyo ukampasuka kwa furaha na kwa hasira vyote kwa pamoja. Hakuwaza tena juu ya sinia.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Ng'washi.

"Ongeza kisanduku. Mgonjwa apishwe, na apite darajani."

Ng'washi alichora mstari, kisha akasita. "Wenye magari watakubali?"

"Foleni haijawahi kumkatalia mgonjwa. Anayekataa si mtu wa foleni."

Jioni hiyo Obedi aliwaandikia madereva wote mmoja mmoja, akiwaamkia kwanza. Dereva wa lori la ng'ombe alisogeza lori pembeni mpaka majini ili kuacha nafasi ya kugeuzia. Abiria wa basi walisukuma mawe. Mwenye kitanda alikifungua kwenye baiskeli, akakitoa chaga zake ziwekwe chini ya tairi ya pikapu isiteleze kwenye nyasi. Paskazia alipanda nyuma, akapakata miguu ya bintiye, na Yeremia akapandisha kilima taratibu kama mtu anayebeba mayai.

Walipofika barabara kuu taa za daraja zilikuwa zimeanza kuwaka. Suzana alijiinua kwenye kiwiko.

"Mama, hili mmelijenga lini?"

"Wewe ulipokuwa unasubiri."

"Zuri."

"Zuri sana mwanangu. Subiri uone katikati, upepo wake."

Kwenye mwanzo wa daraja askari wa barabarani aliyevaa nyeupe aliinua mkono. Magari mengine yalikuwa yamesimama upande wa kushoto, injini zimezimwa. Yeremia akasimama nyuma yao. Simu ya askari ikalia. Alikuwa Obedi, amemwamkia na kumweleza kwamba kuna mama mjamzito, amepewa rufaa, amesubiri muda mrefu. Askari akasoma yote. Akaja mpaka kwenye pikapu, akamtazama Suzana, akavua kofia.

"Pole sana, dada. Shikamoo mama. Mgonjwa namwona, lakini nimeambiwa barabara iwe wazi. Kuna msafara unavuka."

"Wa nani?"

"Wa mheshimiwa."

"Ni yule yule?"

Askari alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu mkweli. "Sijui, mama. Vioo vyeusi."

Wakasubiri. Ving'ora vilisikika kwa mbali, vikanyamaza, vikasikika tena. Paskazia alisugua nyayo za Suzana, akamwimbia ule wimbo wa njiani, akamwambia jina alilompangia mtoto akiwa wa kike na alilompangia akiwa wa kiume. Suzana alicheka la kiume. Upande wa Geita anga likapoteza wekundu, kisha likapoteza rangi zote. Miguu ilianza kuwa myepesi mikononi mwa Paskazia. Aliishika kwa nguvu zaidi, akasema, "Bado kidogo, mwanangu, bado kidogo," na giza lilipotimia alijikuta amekaa kwenye lami, mikono yake imekumbatia hewa. Msafara ukapita, ukimpiga kwa upepo wake. Askari alimwinua, akamfuta vumbi mgongoni na kumtafutia bodaboda ya kumrudisha nyumbani.

Paskazia alilia kiasi cha kulia. Kesho yake hakufungua jiko. Alilala akitazama ukuta, akijiambia kwamba ameharibu. Kwamba alichokuwa nacho alikuwa amekitoa kwenye foleni, na aliyetoka kwenye foleni amepoteza nafasi. Kila mtu wa Busisi anaijua sheria hiyo. Jua likainama. Alikuwa amegeukia ukutani simu ilipolia, na hakutaka kuigusa, na akaigusa.

"Shikamoo mama," Obedi aliandika. "Gari la kwanza wamemshikia nafasi. Sato mmoja, ugali, mchuzi mwingi. Anasema jana hakula, kwa hiyo leo wawe wawili. Kivuko kimeondoka Kigongo."

Paskazia akawasha moto.

Jumapili alisimama kanisani na sadaka ya shukrani, kuku mweupe na kikapu cha viazi. Padri alimwuliza, kama anavyowauliza wote, anamshukuru Mungu kwa lipi.

"Mwanangu anakula," Paskazia alisema.

Watu wakapiga makofi. Wapo waliowahi kumwona Suzana pale gatini, na wapo waliokuwa na watu wao kwenye basi, nao walipiga makofi zaidi. Padri akabariki kuku.

Ng'washi alijaribu mambo mengine. Aliunganisha kisanduku cha kumwandikia mheshimiwa, na Obedi alimwandikia, kwa heshima zote, kila siku. Lilirudi jibu lile lile, kwamba ujumbe wako umepokelewa na ni muhimu kwetu. Ng'washi alilisoma, akasema huyo naye anaye wakala, na kwa jinsi alivyounganishwa hana kisanduku cha kumpelekea mtu yeyote.

Jioni hiyo Paskazia alikaa ukingoni mwa pikapu, miguu ikining'inia, sahani ya bintiye kati yao. Samaki walikuwa wawili na mchuzi ulikuwa mwingi. Kivuko kilikuwa kimeshusha mlango wake wa chuma. Yeremia aliweka mkono kwenye ufunguo, kama kila siku, na ving'ora vikasikika kutoka nyuma ya foleni. Magari ya vioo vyeusi yalikuja yakipita pembeni kwa kasi, moja baada ya jingine. Suzana akafunika sahani kwa viganja mpaka vumbi lilipotulia, kisha akaendelea kula.