Karabai Arobaini za Nyar Kano

Kitendawili! Sema "tega" basi, usinikodolee macho. Nina taa yangu moja, haijui utambi, haijui betri. Siku ikiwaka, taa zote za ziwani hulala. Hujui? Iweke chini ya ulimi kwanza, usiiteme. Kuna kijana wa Nairobi aliyeibeba zaidi ya wiki tatu, na siku alipoitegua alikuwa amelowa jasho.

Pale Usenge, kwenye bichi, palikuwa na mama aitwaye Seline, ingawa ukimwita Seline huenda hata mwenyewe asingegeuka. Watu walimwita Nyar Kano, binti wa Kano, kwa sababu aliolewa kutoka Ahero, kule kwenye mpunga na mafuriko. Huyo mama alikuwa na karabai arobaini. Karabai unazijua? Zile taa za pampu zinazonguruma kama paka aliyeshiba, zenye kisoksi cheupe kinachoshika moto. Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, huziweka majini juu ya vibao vinavyoelea, samaki wanakuja kushangaa mwanga, wavu unawazoa. Marehemu mumewe Ondiek alimwachia kumi na mbili. Zilizobaki alizinunua mwenyewe, moja moja.

Na taa zake hakuzikodisha kwa pesa, la. Boti ikirudi asubuhi, omena ziligawanywa pale pale mchangani: fungu la boti, fungu la wavu, mafungu ya wavuvi, na fungu la taa. Nyar Kano alipindua karai lake, akalikalia, akangoja fungu. Boti ikirudi tupu, naye aliinuka na karai tupu, akajipangusa mchanga, akasema, "Ziwa nalo lina siku yake ya kulala njaa." Hakuna aliyewahi kumwona amenuna. Karai lile lililopinduliwa lilikuwa kiti chake, na hakuna mwanamume kwenye bichi ile, hata mwenyekiti wa kamati, aliyethubutu kulikalia.

Ndipo kampuni zikaja.

Ya kwanza ilikuwa ya manjano. Ilishusha kontena, ikaweka sola juu ya paa, ikamwacha hapo kijana mmoja mwembamba, mwenye adabu, jina lake Zadock. Zadock alitia taa yake ndani ya ndoo ya maji mbele ya watu, na taa ikaendelea kuwaka humo humo majini.

"Haina mafuta, haina pampu, haina moshi," akasema. "Mnakuja asubuhi, mnarudisha, tunawachajia."

Nyar Kano alisogea, akaitoa ndoani, akaigeuza, akainusa. Haikunuka mafuta ya taa hata kidogo. Alikumbuka omena ngapi zilizowahi kurudishwa na wanunuzi kwa ajili ya harufu ile, akakumbuka pia mkono wa Odongo, mtoto wa dada yake, ulioungua karabai ilipompasukia. Kitu kizuri ni kizuri hata kikija na adui.

"Taa yako ni nzuri, nyathina, mwanangu," akamwambia. "Lakini kabla hujaniondoa sokoni, nitegulie hii." Akamtegea ile niliyokutegea wewe.

"Ni stima?" akauliza Zadock.

"Stima yenyewe hapa hupotea kabla hatujaiona."

"Ni jua!"

"Jua na wavuvi wa omena wapi na wapi? Likiwaka, wao wanakoroma."

"Basi ni kampuni yetu!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Nairobi, Mama."

"Nairobi nitakula nini, lami? Nipe Muhoroni nikatafune miwa."

"Hapana," akasema Zadock, naye anacheka. "Mji sitoi. Nitaitegua kabla sijahamishwa hapa."

Siku tatu baadaye ikaja kampuni ya zambarau, ikaweka kontena lake hatua thelathini kutoka lile la kwanza. Hapo sasa bichi ikawa arusi. Manjano walikuwa wametoa siku saba za bure na kofia. Zambarau wakatoa siku kumi za bure na koti la mvua. Manjano wakaruka hadi siku kumi na nne, kofia na mwavuli. Wesonga, yule nahodha mwenye maneno mengi, akachukua vya wote wawili, akatembea na kofia ya manjano na koti la zambarau jua kali likiwaka, kama tausi aliyepotea njia.

"Nyar Kano," akamwita kwa mbali, "karabai zako ni kama barua ya posta. Nani siku hizi bado analamba stempu?"

"Barua ilikuwa haijifungi yenyewe usipoilipia, Wesonga. Umesoma kile ulichotia kidole?"

"Nisome nini? Ni bure!"

Kwenye ile karatasi kulikuwa na maneno machache tu. Siku za bure zikiisha, kila siku mtu analipa kwa simu. Asipolipa, taa inajifunga. Kwa kuwa ilikuwa bure, kila nahodha alidhani mwenzake ameuliza maswali.

Boti zikamwacha moja baada ya nyingine. Ya kumi na ya mwisho ilikuwa ya Odongo. Alikuja jioni, kofia ameificha mgongoni.

"Mama, usinione mbaya. Vijana wangu wanasema wamechoka kuungua."

"Ivae tu hiyo kofia, baba. Jua halijui aibu."

Keshoye alfajiri Nyar Kano alishuka bichini kwa mazoea, akapindua karai, akakaa. Boti ya Odongo ilikuwa imejaa. Yakahesabiwa mafungu, fungu la taa halikutajwa. Mwisho Odongo akachota gorogoro moja, lile kopo la kupimia, akamjazia mfuko. "Chukua Mama, ya mboga."

Alishukuru. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani mfuko ule mdogo ulimlemea kuliko karai zima. Jana alipewa haki yake. Leo amepewa mboga. Mtu anayepewa mboga hana kiti mchangani. Njaa hakuiogopa, kwa maana wanawe walikuwa wakubwa wenye kazi zao. Alichoogopa ni asubuhi bila kiti.

Na mwenye kununua chuma chakavu ana pua ndefu. Wiki hiyo hiyo Nasir akafika kutoka Kisumu na pikapu yake. Akazikagua karabai zilizopangwa ukutani, akazigonga matangi kwa ukucha.

"Shaba safi hii, Mama. Nachukua zote arobaini, bei nzuri. Unauza au huuzi?"

"Keti kwanza ule, baba."

Nasir akaketi, akala samaki ngege wa kukaanga na ugali, akalamba vidole, akashukuru Mungu, akaondoka. Katikati ya barabara ya kwenda Bondo ndipo alipokumbuka kwamba hakujibiwa.

Siku kumi na nne za bure zilikuwa tamu, usiseme. Giza lilikuwa zito, omena zilikuwa nyingi, taa nyeupe zikametameta majini kama mji. Kisha bure ikaisha. Watu wakalipa siku mbili, tatu, bila kunung'unika. Halafu, kama ilivyo tangu mababu, boti zikavutwa mchangani. Nyavu zikashonwa. Wanaume wakaenda harambee, wengine wakaenda kuwasalimu wakwe zao. Ni siku kumi hivi ambazo mvuvi wa omena hashuki majini, na hakuna mtoto wa Usenge asiyejua kwa nini.

Kumbe kuna asiyejua. Simu.

Kila asubuhi saa moja zikalia bichi nzima: "Mteja mpendwa, lipia taa yako ya leo."

"Hata mke wangu haniiti mpendwa kila siku," akasema Odongo.

"Jibu kwamba umelala," akasema Wesonga. Walidhani mashine itaelewa yenyewe. Ikaendelea kupenda kwa siku kumi.

Katikati ya siku hizo Nasir akaja tena. "Mama, leo sitaki kula, nataka jibu. Unauza au huuzi?"

"Leo kuna kuku."

Nasir akatazama jikoni, akatazama pikapu, akavua viatu.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja, manahodha wakaenda kwenye makontena kuchukua taa. Jioni hiyo ilikuwa ya kurudi majini. Taa zote zilikuwa zinakonyeza jicho jekundu. Zimejifunga. Haziwaki mpaka zilipiwe zile siku kumi zote ambazo zilikaa kwenye rafu. Wakakimbilia zambarau. Huko nako, jicho jekundu. Si unajua wale wanafunzi wawili wanaonakiliana mtihani? Zambarau walinakili karatasi ya manjano neno kwa neno, wakapunguza bei tu. Kosa la mmoja likawa la wote. Ajenti wa zambarau alifunga mlango, akasema anaenda kutafuta mtandao, na hajulikani aliutafuta hadi wapi.

Zadock hakukimbia. Alisimama mlangoni, wanaume ishirini mbele yake, simu sikioni.

"Bosi anasema mfumo hauruhusu," akasema kwa sauti ya chini.

"Mfumo ni nani?" Wesonga akafoka. "Aje hapa mwenyewe!"

Odongo akachomoka, akaenda mbio hadi kwa Nyar Kano. "Mama, tupe karabai. Jioni hii tu. Tafadhali."

Hapo ndipo angeweza kucheka, na hakuna ambaye angemlaumu. Alizitazama karabai zake. Akayatazama makovu ya mkono wa Odongo. Akajifunga leso kiunoni, akaokota karai, akashuka bichini, na Odongo nyuma yake akidhani anaenda kutafuta mafuta.

Watu wakampisha. Akapindua karai mbele ya kontena la manjano, akakaa.

"Zadock nyathina, kile kitendawili changu umekifikisha wapi?"

"Dani, bibi yangu, leo si siku ya vitendawili. Leo nafukuzwa kazi."

"Inua macho."

Kijana akainua macho. Juu ya ziwa, mchana kweupe, kilikuwa kimebaki kipande cha mwezi, cheupe kama kipande cha nazi. Akakitazama. Akazitazama boti zilizokuwa zimelala mchangani siku kumi. Akazitazama taa kwenye rafu. Jasho likamtiririka.

"Ni mwezi," akasema. "Mwezi ukiwaka, omena hawaifuati taa. Kwa hivyo mlikuwa hamwendi majini! Dani, mbona hamkuniambia?"

"Nilikutegea siku ya kwanza. Sasa mpigie huyo bosi, umweke kwa sauti kubwa tumsikie sote."

Bosi alikuwa mama, sauti yake kavu, nyuma yake magari yakipiga honi. Zadock akamweleza habari za mwezi.

"Mbona hakuna aliyetuandikia?" bosi akauliza.

"Mama," akasema Nyar Kano, "taa yako ni nzuri kuliko yangu, hilo sikatai. Lakini namna yako ya kuuza ndiyo imezeeka. Imezaliwa juzi na tayari ina mvi. Unamdai mvuvi kwa siku za ukutani, zile za kalenda, na yeye anaishi kwa siku za ziwa. Nipe mimi hizo taa. Nitazitoa kwa fungu, kama nilivyotoa karabai miaka yote. Nikipata fungu, nalikata kati: lako na langu."

"Na samaki wakikosekana?"

"Basi nawe ukose. Ukila na mvuvi, ulale njaa na mvuvi."

"Mimi nina wakubwa juu yangu. Wataniuliza kila siku naingiza nini."

"Waambie waangalie juu zaidi."

Wanaume wakaangua kicheko. Hata Zadock, na kazi yake inaning'inia kwa uzi, alijifunika mdomo.

"Na usipotaka," Nyar Kano akaendelea polepole, "kuna kontena la zambarau hatua thelathini kutoka hapa, nami bado nina miguu miwili."

Kisha sauti kavu ikasema, "Taa ishirini. Mpaka mwezi mwingine ujae. Tujaribu."

Jicho jekundu la taa ishirini likazimika moja baada ya jingine. Taa hizo zilitosha boti tano tu; zile tano zilizobaki Nyar Kano aliziazima karabai jioni hiyo, na wavuvi wa boti hizo wakarudi wakipiga chafya za moshi na kuuliza zamu yao itafika lini.

Alfajiri ile Nyar Kano alikuwa amekaa juu ya karai lake. Odongo aligawanya: fungu la boti, fungu la wavu, mafungu ya vijana wake. Akatazama watu wote, akapaza sauti kama anayehubiri: "Na fungu la taa!" Wesonga akavua kofia ya manjano, akamfunika nayo Nyar Kano kichwani. "Yawa, stempu zimerudi!" akasema.

Mwezi ulipojaa tena, simu hazikulia. Bosi wa sauti kavu alikuja mwenyewe kwa gari, akaketi mchangani na viatu mkononi, akahesabiwa fungu lake. Akaona ni zaidi ya kile ambacho ile karatasi ingemletea, kwa maana mtu anayegawana nawe hakufichi. Akaacha taa ishirini nyingine. Zadock hakuhamishwa. Jioni alifundishwa vitendawili vipya, na alishindwa vyote, akatoa Muhoroni, akatoa Ahero, akatoa hata Kisumu yenyewe na stendi yake.

Nasir akarudi siku hiyo hiyo. Safari hii hakuzima hata gari. Alisimama mbele ya karabai arobaini zilizopangwa ukutani, zimesuguliwa zinang'aa, akaweka mikono kiunoni.

"Nyar Kano, nimekula samaki wako, nimekula kuku wako, na mke wangu Kisumu ananiuliza huku Usenge nina nini. Naomba jibu la mdomo, si la sufuria. Unauza au huuzi?"

Nyar Kano akashusha karabai ya Ondiek, ya kwanza kabisa, akaipangusa kwa upindo wa leso, akamwekea mikononi kama anayemkabidhi mtoto. Kisha akapindua karai lake pale uani, akalikalia.

"Nauza zote, baba," akasema. "Lakini si kwa bei: ukiiuza hiyo shaba, tunakata kati. Nauza kwa fungu."