Kicheko cha Meya

Kabla hajawa meya alikuwa mpole, mzito wa maneno, na kucheka kwake kulikuwa pumzi tu za puani. Mpiga video wa ofisi ndiye aliyemfundisha kucheka kwa sauti, kichwa nyuma, mkono kifuani.

"Watu wanataka kukuona ulivyo, mheshimiwa," alimwambia. "Hebu rudia."

Akarudia mpaka koo likamkauka. Video ikasambaa, watu wakasema meya huyu hana makuu, ni mwenzetu.

Mama yake alikuwa amefifia macho. Dada yake meya, fundi cherehani aliyekaa na mama, alimwekea video hiyo kwenye simu kando ya mto wa kulalia asikilize. Mama akawa anaijibu kutwa: "Ndiyo, baba. Umekula?"

Jumapili moja meya akaja peke yake, bila kamera, amechoka. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mwanao."

Mama akampapasa uso polepole, kama anayechagua kitambaa. Akautoa mkono. "Sauti umeipatia," alisema kwa upole. "Lakini mwanangu namjua. Yuko humu, anacheka." Akaivuta simu kifuani.

"Mama, ndiye huyu," dada alisema.

"Sijachanganyikiwa. Wewe ni binti yangu, leo Jumapili, na gauni la mwalimu bado hujalipiga pindo. Huyu simjui."

Kisha meya akarudisha kichwa nyuma, akaweka mkono kifuani, akacheka. Chumba kikajaa. Uso wa mama ukachanua.

"Umefika, baba. Mbona umechelewa?"

Dada akamtazama ndugu yake. Mdomo ulikuwa unacheka, macho yamemtoka kama ya mtu anayesikia mlango ukikomewa kwa nje.

Tangu hapo, kila akiingia huanza kwa kucheka. Akinyamaza kidogo, mama huuliza ni nani yumo chumbani.

Jioni moja walikaa barazani. "Mama amelala," dada alisema. "Tuko wawili tu. Cheka kile kicheko chako cha zamani."

Meya akakitafuta. Akavuta pumzi, akaitoa, na kikatoka kilekile cha video. Akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Kilikuwaje?" aliuliza. "Nionyeshe."

Dada akafungua kinywa amwonyeshe. Hakukikumbuka.

Kule ndani, usingizini, mama akaitika: "Naam, baba. Nipo."