Utando Juu ya Filta

Kitu cha kwanza Yusta alichokiona kilikuwa utando wa buibui. Alijiingiza chini ya gari kutafuta spana iliyosahauliwa, na pale juu, katikati ya chesisi na tanki, utando ulikuwa umetandwa kutoka kwenye mpira wa dizeli hadi kwenye filta. Ulikuwa mzima, na vumbi jekundu la Makongolosi limeulalia. Buibui mwenyewe alikuwa amejikalia katikati, hana habari.

Nje, fundi Asukile alikuwa anasema, "Tayari, mzee. Filta mpya nimeshafunga. Ya zamani hii hapa."

Hiyo ndiyo desturi ya gereji yao pale Iyunga: mteja hukabidhiwa kifaa kilichotolewa, ajionee kwa macho yake. Mteja wa leo, Mzee Kantilal, alipokea kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akafunua kidogo. Yusta, akiwa bado chini, aliona mbonyeo ubavuni mwa ile filta. Aliijua. Ilitoka kwenye lori la mkaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitupa juzi kwenye lundo la vyuma.



Gari lenyewe lilikuwa nyumba nzima, lenye kitanda na jiko ndani. Mzee Kantilal na mkewe, Mama Vishal, walitoka nalo Iringa kwenda kumwona mtoto wao Makongolosi, na sasa walikuwa wanarudi. Likipanda mlima lilikuwa linakosa nguvu na kutaka kuzima. Filta yake ilikaa mahali pa ajabu: mkono ulipaswa kupita kwenye upenyo mdogo, kisha kukunja kiwiko. Mkono wa Asukile ulikuwa mnene, haupiti. Siku nyingine angepiga kelele, "Yusta, mkono!" naye Yusta angeacha kuosha vyuma na kuingia. Kazi ikiisha, Asukile angejipaka oili viganjani ili aonekane ndiye aliyeifanya, kisha angeenda kupeana mkono na mteja.

Lakini leo Yusta alikuwa ametumwa Mbalizi kununua klipu za mipira, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Asukile angemwambia nini mzee wa watu? Kwamba anamsubiri msichana wa kuosha vyuma? Aliona bora adanganye.

Yusta alitoka chini, akamsogelea. "Fundi," alinong'ona, "buibui bado yupo."

"Buibui gani?"

"Kwenye filta."

Asukile alicheka kwa sauti. "Jamani, buibui naye siku hizi ni fundi! We Yusta, darasa la tano lilikushinda, leo unanifundisha dizeli? Nenda kaoshe vyuma."

Mafundi wengine wakacheka. Yusta aliinamisha kichwa kama kawaida yake. Injini iliwaka, ikanguruma vizuri, maana pale palikuwa tambarare. Mama Vishal alitoa mkono dirishani na kumpa andazi la moto.

"Tumepona, binti? Ule mteremko wa Inyala na milima yake unaniogopesha. Likizima pale, breki zitakuwa ngumu."

Yusta alilishika lile andazi, likamchoma kiganja. Hasira aliyokuwa ameimeza alipochekwa iligoma kushuka.

"Msiondoke," alisema. "Filta haijabadilishwa."

Mzee Kantilal alizima injini. Alishuka, akalala kwenye vumbi na shati lake jeupe, akamulika kwa simu. Alipotoka alikuwa amefura. "Fundi, filta yangu mpya iko wapi?"

Ilikuwa kwenye droo, ndani ya boksi lake.

"Mzee, nilikuwa nampima tu huyu binti," Asukile alisema bila haya. "Nione kama ana macho."

Yusta hakungoja. Alichukua filta, akaingia. Aliupasua utando, akafungua ile kuukuu kwa kuipapasa, dizeli ikimtiririkia kwapani. Aliipaka mafuta raba ya mdomoni mwa filta mpya, akaijaza dizeli, akaikaza kwa mkono. Kisha alibonyeza pampu ndogo ya pembeni mpaka mapovu yakaisha. Alipotoka, kiwiko kilikuwa kimechubuka, na filta ya zamani, ile ya kweli, ilikuwa mkononi, nyeusi tititi.

"Unaona, mzee?" Asukile alidakia, akimpiga Yusta begani. "Huyu nimemfundisha mwenyewe. Bila mimi asingejua hata spana."

Uso wa mzee ulilainika. "Hapo umefanya jema, fundi. Umemfundisha vizuri." Akamnyoshea Asukile mkono.

Yusta aliitazama ile mikono miwili ikikutana. Wa Asukile ulikuwa msafi kabisa. Hata oili leo haukupakwa.

"Hajanifundisha," alisema. "Lori la ndizi, basi la shule, gari la padri, yote anayowaambia watu aliyatengeneza yeye, niliyatengeneza mimi. Yeye alikuwa ananishikia tochi."