Sufuria Haitui Kabla ya Ziwa

Kura ilipigwa stoo, nyuma ya karakana ya Fundi, kati ya mabomba ya plastiki na sinki lililopasuka ambalo tulilifanya kiti. Fundi ni fundi bomba siku za kazi, na mwisho wa wiki ni kiongozi wetu wa skauti. Swali lilikuwa moja: nani atabeba sufuria? Hata hajamaliza kuuliza, mikono mitatu ilishanyooka, yote ikinielekea mimi.

Nilifurahi kama mjinga. Kwenye kikosi chetu sufuria si mzigo tu. Zamani skauti walikuwa wakibishana pa kulala mpaka giza linawakuta wamesimama. Fundi akachoka, akaweka sheria: sufuria ikigusa ardhi, hapo hapo ndipo kambi, na mbebaji hapokelewi mzigo na mtu. Akiitua chini ya mlima, mnalala chini ya mlima. Akiitua ziwani, kule juu, mnalala ziwani na beji ya mlima ni yenu. Kikosi chetu kilikuwa hakijawahi kuliona hilo ziwa.

Mlingoti, ambaye huinama kila anapopita mlango wa stoo na hajui kutunza siri, aliniambia tukiwa barabarani tunarudi nyumbani.

"Punje, usijitese bure. Siku hiyo kuna fainali. Pale chemchemini, chini ya mlima, mtandao unashika, na Profesa ataazima simu ya kaka yake."

"Sasa mimi na fainali wapi na wapi?"

"Ndiyo maana tumekuchagua. Ukifika chemchemini utakuwa hoi, utaitua, tutalala hapo. Mtu mdogo, sufuria kubwa, nani atakulaumu?"

Alisema kwa upole, kama anayenionyesha njia ya mkato. Nikamshukuru. Nilifika nyumbani masikio yanawaka moto.

Mama anashona viti vya magari. Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda: cherehani nzito ya chuma, marobota ya ngozi bandia, na sponji zilizopangwa mpaka zinaziba nusu ya dirisha. Nilimweleza yote nikitegemea kuonewa huruma. Alikata uzi kwa meno, akanitazama juu ya miwani.

"Unataka kulia au unataka mikanda?"

"Mikanda."

"Basi kailete hiyo sufuria niipime."

Alichukua mikanda ya usalama ya gari bovu, akaishona kwenye kipande cha turubai, na kila kiungo akakipiga mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake. Halafu akaongeza mkanda mpana wa kiunoni, akaujaza sponji, akanizungusha kama nguo inayojaribiwa dukani.

"Mzigo unabebwa na nyonga, mwanangu. Mabega kazi yake kushikilia tu. Na kifungo nimekiweka mbele, tumboni, usije ukamhitaji mtu wa kukufungua."

Siku ya safari niliipandisha mgongoni ikiwa na mchele, chumvi, mafuta na vikombe vyetu vyote ndani. Nyuma yangu alikuwa Bi Harusi, ambaye tulimpa jina hilo kwa mwendo wake, maana anatembea kama kuna mtu amemshikia pindo la gauni.

"Punje, huku nyuma huonekani," alisema. "Naona sufuria yenye miguu."

"Ifuate hiyo hiyo."

Tulifika chemchemini jua likiwa bado halijapanda sana. Palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo: kivuli, majani laini, maji yanatoka kwenye mwamba. Profesa alivua begi kabla ya wote. Yeye ndiye mkuu wa kikosi, na jina lake alilipata kwa sababu anaweza kukueleza jambo lolote, hata lile asilolijua.

"Dada Punje, pumzika bwana. Tua mzigo unywe maji."

"Nakunywa nimesimama."

"Kutua kuna ubaya gani? Afya kwanza."

"Fainali bado haijaanza, Profesa. Haraka ya nini?"

Bi Harusi akamgeukia Mlingoti. Mlingoti akaanza kuchunguza gome la mti kwa makini sana. Fundi alikuwa anajaza chupa yake na hakuinua kichwa. Mimi nilikunywa, nikashika magoti, nikahesabu pumzi, nikatangulia. Nyuma yangu nilisikia zipu ya begi la Profesa ikifungwa kwa hasira.

Kutoka hapo njia ilibadilika tabia. Ilipanda moja kwa moja, bila adabu. Mapaja yalikuwa yanaungua na jasho limenijaa machoni, lakini kila nilipotaka kusimama nilikumbuka ile mikono mitatu ilivyonyooka haraka. Nikakanyaga tena. Penye mwamba mmoja mkubwa niliegemea kidogo, mara nikasikia sauti ya Profesa.

"Fundi, imegusa. Jiwe ni sehemu ya ardhi."

Fundi alipanda mpaka nilipo, akapitisha kiganja chake katikati ya sufuria na mwamba, akakitoa upande wa pili.

"Mkono umepita. Bomba na bomba yakiachana hivi, mimi siiti hiyo kazi iliyounganishwa. Twende."

Baya zaidi lilikuja kwenye mteremko wa kokoto, tulipokuwa tunakata ubavu wa mlima. Mguu wa kushoto uliteleza, mzigo ukanivuta nyuma. Niliielewa hesabu yote palepale: nikianguka chali, sufuria itatua kwanza, na tutalala papo hapo kwenye kokoto. Nikajitupa mbele. Nilitua kwa viganja, kifua na kidevu, sufuria ikabaki juu yangu nikiwa kama kobe.

Niliona viatu vya Profesa vikisogea, kisha magoti yake, kisha miwani yake. Alikuwa anainama kuchungulia ubavuni.

"Profesa," alisema Mlingoti taratibu, "ukiuliza kama imegusa, hiyo simu naitupa bondeni."

Profesa akasimama wima, akajipangusa magoti.

Fundi alinisaidia kukaa kitako bila kuugusa mzigo. Alinisafisha kidevu kwa spiriti, nikauma meno.

"Unaweza kuendelea?"

"Naweza."

"Sijauliza kama unataka. Nimeuliza kama unaweza."

Nikalazimika kujikagua kweli. Nikakunja vidole, nikazungusha vifundo vya miguu, nikavuta pumzi mpaka mwisho. Mbavu ziliuma lakini zilikuwa zangu zote.

"Naweza, Fundi."

Mlingoti alikuwa ameshachukua blanketi langu na chupa yangu ya maji. "Hivi havina sheria," alisema, akapita mbele ili nisione uso wake.

Tulipovuka ukingo wa mwisho, jua lilikuwa linaegemea upande wa pili wa mlima. Ziwa lilikuwa dogo kuliko nilivyoliwaza, la rangi ya risasi, limetulia tuli. Tuliteremka mpaka ufukweni, wenzangu wakabwaga mabegi yao, wakajitupa juu yake.

"Haya, tumefika," alisema Profesa. "Umeshinda. Weka."

Mkono wangu ulishafika kwenye kifungo. Mabega yalikuwa yananililia kama watoto. Lakini nilipotazama chini niliona alama ya kiatu changu ikijaa maji polepole, kisha inayofuata. Kwenye matete mbu walikuwa wameshaanza kukusanyika.

"Hapa si pa kulala."

"Ziwa ulilitaka, ziwa hilo hapo. Unataka nini tena?"

"Pakavu."

"Jamani, sasa hii ni roho mbaya."

"Ni maji, Profesa. Inua begi lako uone."

Akaliinua. Sehemu ya chini ilikuwa imeloa na kugeuka nyeusi. Nilimtazama Fundi nione kama ataamua. Alikuwa amekunja mikono, ananisubiri mimi. Upande wa pili, baada ya ghuba ndogo, kulikuwa na mwinuko wa nyasi fupi na mawe bapa. Nikaanza kuuelekea. Kwa muda nilisikia hatua zangu peke yake. Kisha begi moja likainuliwa, la pili, na la mwisho, lile lililokuja na mhadhara.

Juu ya mwinuko nilipigapiga ardhi kwa kisigino, nikasogea, nikapiga tena mpaka nikapata paliponijibu pakavu. Ndipo nikafungua kifungo cha mama. Sufuria ikagusa ardhi kwa mlio mdogo tu, nikashindwa kunyooka.

"Mlango wa hema uelekee wapi?" aliuliza Mlingoti.

Nikamwonyesha upande uliokingwa na mawe. Bi Harusi alikuwa ameshaanza kutafuta vigingi. Profesa alisimama mbele ya sufuria, akaitazama, akanitazama.

"Na maji ya kupikia nani atateka?"

"Wewe," nilisema, nikiwa bado nimeinama. "Si ulitaka kukaa karibu nayo?"

Akaguna, akachukua ndoo, akateremka.